Waacheni Watoto Wacheze, Hata Siku za Msalaba

Shida ikiingia nyumbani, mambo madogo ndiyo ya kwanza kuachwa. Baba akipoteza kazi, mama akiugua au msiba ukitokea, sala ya jioni inasahaulika, kila mtu anakula kwa wakati wake, na watoto wanaambiwa: "Nyamazeni, hamuoni nyumba ina matatizo?" Nia huwa njema. Lakini nadhani nyumba inayofanya hivyo inajinyima faraja iliyo karibu nayo kuliko zote. Utaratibu wa kila siku na michezo ya watoto si anasa ya siku za raha. Ni sehemu ya namna familia inavyoubeba msalaba wake.

Tuanzie kwenye Injili. Katika Mathayo 11:16-17, Yesu anawataja watoto walioketi sokoni wakiitana: mara wanapiga filimbi ili wenzao wacheze ngoma, mara wanaomboleza. Alitumia mfano huo kukikemea kizazi chake, lakini anayetoa mfano wa namna hiyo amewatazama watoto wakicheza. Na tazama wanachocheza: harusi na msiba. Ndivyo mtoto anavyojaribu kuyaelewa anayoyaona kwa wakubwa. Anayeigiza mazishi kwa mdoli wa matambara hadharau marehemu. Anaomboleza kwa lugha anayoijua.

Tena, Yesu alipomfufua binti Yairo, aliagiza apewe chakula (Mk 5:43). Baada ya muujiza mkubwa namna ile, agizo ni la jikoni! Naye nabii Zakaria, akiwatia moyo watu waliorudi kutoka uhamishoni, aliwaahidi kwamba njia za Yerusalemu zitajaa wavulana na wasichana wakicheza (Zek 8:5). Kwa nabii huyo, kelele za watoto ni dalili kwamba Mungu amerudi kukaa na watu wake.

Sisi wenyewe tumelionja jambo hili. Machi 17, 2020, Serikali yetu ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi walirudi madarasani Juni 29. Kwa miezi ile mitatu watoto walikuwa nyumbani na wazazi waliojaa hofu. Walichofanya tunakijua: magari ya waya yenye magurudumu ya ndala zilizochakaa, mpira wa makaratasi na kamba, kombolela hadi giza linaingia. Wengine walicheza Misa, khanga ya mama ikawa kasula na vipande vya ndizi vikawa hostia. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo ili watufariji. Walikuwa wanaishi tu, na kuishi kwao kukatukumbusha na sisi kuishi.

Mwaka uliofuata Kanisa lilitoa somo mbele ya ulimwengu mzima. Ijumaa Kuu, Aprili 2, 2021, tafakari za Njia ya Msalaba iliyoongozwa na Papa Fransisko katika Uwanja wa Mtakatifu Petro ziliandaliwa na watoto na vijana: maskauti wa Foligno, Italia, na watoto wa parokia moja ya Roma yenye jina lililo karibu nasi, Mashahidi Watakatifu wa Uganda. Picha za vituo zilichorwa na watoto wanaolelewa katika makao. Mmoja alieleza jinsi babu yake alivyochukuliwa na watu walioshuka kwenye gari la wagonjwa wakiwa wamevaa kama wanaanga, na hakumwona tena. Mtoto huyo hakufichwa msiba. Alipewa nafasi ya kuusema kwa picha aliyoiona yeye, na Kanisa likasali kwa maneno yake.

Atakuja mtu aseme: haya ni maneno matamu, lakini mpira wa makaratasi haulipi ada. Ni kweli. Ubunifu wa mtoto usiwe kisingizio cha sisi kutomsaidia. Jumuiya ndogo ndogo inayosifu uchangamfu wa watoto wa mjane, kisha ikaondoka bila kuuliza kama wamekula, haijafanya kitu. Wala mtoto asibebeshwe kazi ya kuwafariji wazazi wake. Faraja yake ni zawadi, na zawadi haidaiwi.

Kwa wazazi, basi, ombi langu ni dogo. Siku mambo yakiwa magumu, lindeni vitu viwili: mlo mmoja wa pamoja, hata ukiwa uji mtupu, na sala fupi ya jioni ambayo mtoto anaianzisha. Nyumba yenye saa yake ya kula na saa yake ya kusali humwambia mtoto kwamba kesho ipo.

Na sisi tunaojiandaa kwa upadre tuna la kujifunza. Tunapotembelea nyumba yenye mgonjwa au msiba, huwa tunakimbilia sebuleni kwa wakubwa na kufungua kitabu cha sala. Tuanze uani. Tuchuchumae, tuulize gari lile la waya limetengenezwaje na linakwenda wapi. Huenda huko ndiko tutakakoambiwa nyumba hiyo inaumia wapi, na inatumaini nini.