KIOO CHA GARI KISIWANI: KUKIONDOA NA KUKITIA NYUMBANI

Mwenye gari wa Dar es Salaam akivunjikiwa na kioo cha mbele huuliza bei. Mwenye gari wa Kilindoni, kisiwani Mafia, huuliza mambo matatu: bei, chombo kitakachokivusha kutoka Nyamisati, na nani atakayekitia kikishafika. Gari lenyewe aghalabu ndilo jiko la nyumba, kwani ndilo libebalo samaki na nazi, na kila siku linalolala ni siku isiyo na mapato. Si ajabu basi mtu akaamua kukitia kioo mwenyewe uani kwake. Hatuoni ubaya, mradi kazi yenyewe ijulikane, na ijulikane pia inapoishia.

Vioo vya gari si namna moja. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandamanishwa, katikati yao mna utando wa plastiki. Kikipigwa hupasuka lakini hakitawanyiki, maana utando huvishika vipande. Husimuliwa kwamba maarifa hayo yalianza mwaka 1903, pale chupa ya mkemia wa Kifaransa, Édouard Bénédictus, ilipoanguka bila kusambaratika, kwa kuwa ndani yake dawa ilikuwa imekauka na kuacha utando. Vioo vya milango ni kioo kimoja kilichopashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafla. Kikivunjika huwa punje punje kama chumvi ya mawe. Kwa hiyo mtu asijaribu kukikata kioo cha mlango wa gari jingine ili kienee katika lake. Kitapukutika chote mikononi mwake.

Huko Mafia adui wa kioo si kokoto peke yake. Kisiwa ni cha minazi, na kivuli cha mnazi saa saba mchana ni kitamu. Lakini nazi moja ikidondoka, kivuli hicho huwa ghali mno.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama kioo kimeshikwa na nini. Landrover za zamani na Land Cruiser za mfano wa 70 zina mpira mnene uliozunguka kioo, wenye mfereji upande wa ndani wa kushika kioo na mfereji upande wa nje wa kuuma ukingo wa bati. Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani. Magari mengi ya siku hizi kioo chake kimegandishwa kwa gundi, nayo ni habari nyingine.

Kwa kioo cha mpira, watu wawili wanatosha. Vaeni glavu ngumu, na miwani kama ipo. Ondoeni mikono ya wipa. Aliye ndani huanza pembe ya juu, akiukunja mdomo wa mpira kidogo kidogo kwa kijiti butu huku akikisukuma kioo nje. Aliye nje hukipokea. Kama mpira umekuwa mkavu na kioo chenyewe ni cha kutupwa, ukateni kwa kisu, msijichoshe.

Sasa mtaona ukingo wa bati, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Hewa ya bahari ina chumvi, na kutu hupenda kujificha chini ya mpira. Piga msasa hadi chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha ngoja ikauke kabisa, hata kama jirani anasubiri gari limpeleke Utende. Ukitia kioo kipya juu ya kutu, masika yatakapofika maji yatashuka miguuni mwa abiria.

Vika mpira kwenye kioo kwanza. Halafu chukua mshipi mnene wa nailoni, ule wa wavuvi, uuzungushe ndani ya mfereji wa nje, ncha zake mbili zipishane kiasi cha shubiri chini katikati. Paka maji ya sabuni pande zote. Kioo kiwekwe mahali pake kutoka nje, ncha za mshipi zikiingia ndani ya gari. Aliye nje hukandamiza kwa viganja. Aliye ndani huvuta mshipi taratibu kuelekea katikati ya kioo, na mdomo wa mpira huruka ukingo na kukaa. Anzeni chini, pandeni ubavuni, malizieni juu. Nyundo isisogezwe. Kazi hii haitaki misuli, na mama aliyezoea kusuka ukili huenda akamshinda mumewe kuvuta.

Kioo cha gundi ni sehemu ya uimara wa gari. Husaidia kulishikilia paa gari linapopinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka. Mwachie fundi anayeijua kazi. Hata hivyo msimamie: asitumie gundi ya bafuni yenye harufu ya siki, kwani asidi yake hula bati, aangalie tarehe kwenye mrija, na gari lisiondoke kabla ya saa zilizoandikwa. Wakati huo acha dirisha wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa kishindo hewa isikisukume kioo.

Kwa upande wa mlango, la muhimu ni kukomba punje zote zilizoanguka ndani chini. Zikiachwa huziba matundu ya kutolea maji, na mlango huoza kuanzia chini.

Ukiagiza kioo, kisafirishwe kimesimama kwa ukingo juu ya godoro au magunia, kifungwe kisiyumbe. Kikilazwa chini ya mizigo ya watu, wimbi moja latosha kukipasua. Tena kisiloweshwe: unyevu ukipenya ukingoni, utando wa ndani huanza kuwa mweupe kama maziwa.

Vipande vya kile cha zamani vifungwe ndani ya gunia na kuzikwa mbali na nyumba. Visitupwe ufukweni, ambako alfajiri wavuvi hupita pekupeku wakivuta madau yao.