Juu ya nini hatukutia saini



Ni wiki tatu sasa tunaulizwa swali lile lile, mu bisi ya kwenda kazini, ku soko, hata ku matanga: kwa nini sendika ilikataa kutia saini ile barua ya kampuni? Wengine wanauliza na heshima. Wengine wanasema tulikula feza ya mwanasiasa fulani. Afazali tujibu humu mu gazeti, juu maneno ya mdomo yanabadilika kila yanapovuka barabara.

Barua ilisema hivi, kwa ufupi. Kampuni na wafanyakazi wake wanalomba Leta ipunguze redevansi ya madini na kodi zingine, juu kobalti ilizuiliwa kutoka mu inchi kwa miezi mingi mwaka huu wa 2025, na feza haiingii tena vizuri. Kama kodi hazipunguzwi, primu za mwisho wa mwaka na kazi za watu ziko mu hatari. Chini palikuwa nafasi mbili za saini: moja ya mkurugenzi, ya pili yetu. Walituletea na kalamu.

Tusidanganyane, sisi wenyewe tuligawanyika. Delege mmoja alisema tutie saini, tulinde kazi kwanza, mengine tutaona mbele. Mwingine alisema tuipasule. Tulibishana mpaka saa mbili ya usiku. Mwenye alisema tutie saini si msaliti. Ana batoto saba, na anakumbuka mwisho wa 2008, wakati bei ya shaba ilianguka na kampuni nyingi za Katanga zikafunga milango. Watu walienda nyumbani bila kitu. Lakini tukumbuke vizuri: mwaka ule redevansi ya shaba ilikuwa asilimia 2 tu. Haikuwa kodi njo ilifunga kampuni. Ilikuwa bei ya London.

Ku mukutano wa wanamemba, mama mmoja, bwana yake anafanya kazi ya usiku, alisimama akasema: « Kila siku ku radio banasema defisiti, defisiti. Hiyo defisiti njo nini? Njo mutu? » Watu walicheka. Lakini hakuna mwenye alimujibu vizuri, na sisi pia tulizungukazunguka. Tujaribu leo.

Kila mwaka Leta inaandika bajeti: feza yenye itaingia, feza yenye itatoka. Kama yenye inatoka inapita yenye inaingia, shimo linabaki. Shimo hilo njo defisiti. Kulifunika kuko njia tatu: kukopa, kuongeza kodi, ao kupunguza matumizi. Halafu kuko njia ya ine, yenye wazee wetu wanaijua sana: kuchapa makuta.

Sisi wenye miaka makumi ine na kitu tulikuwa batoto, lakini tunakumbuka. Mwisho wa 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaïre milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa, askari wenye walilipwa nayo wakakasirika, na mwezi wa kwanza wa 1993 Kinshasa ikaporwa. Mwaka uleule walileta zaïre mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Haikusaidia kitu: mu 1994 bei zilipanda kupita asilimia 9 000 mu mwaka mmoja. Mama alikuwa anatutuma kununua unga na mfuko wa noti, tunarudi na unga kidogo kuliko zile noti. Kwa hiyo mtu akikuambia defisiti ni mambo ya watu wa Kinshasa, usimusikilize. Ile ilikuwa kodi pia, ilikatwa mu mfuko wa kila mtu bila karatasi, na maskini alilipa kupita tajiri, juu hakuwa na dola ya kuficha chini ya matela.

(Mwaka huu tuliona kinyume. Mwezi wa tisa na wa kumi franka ilipata nguvu, dola ikatoka juu ya 2 800 ikashuka chini ya 2 500. Ku Kinshasa walipiga makofi. Sisi wenye mshahara wetu unahesabiwa mu dola, tulibadilisha dola zile zile tukapata franka chache, na unga haukushuka na mbio ile. Hayo tutayaandika siku ingine.)

Sasa, redevansi yenyewe, juu barua ililia hiyo zaidi.

Mu 2018 Code minier ilibadilishwa. Redevansi ya shaba ilitoka 2 % ikafika 3,5 %. Kobalti ikatangazwa kuwa madini ya lazima kwa inchi, ikaenda ku 10 %. Mwaka ule makampuni yalipiga kelele sana, wakubwa wao wakapanda ndege kwenda kumuona rais Kabila ku Kinshasa, wakisema mine za Kongo zitakufa. Hazikukufa. Tangu wakati ule inchi yetu ilipita Peru, ikawa ya pili mu dunia kwa shaba, nyuma ya Chili. Mine haina miguu. Mwenye anataka kobalti nyingi atakuja hapa, hata akasirike.

Na sheria ile iliandika wazi feza ya redevansi inaenda wapi: 50 % kwa serikali ya Kinshasa, 25 % kwa provinsi, 15 % kwa commune, secteur ao chefferie kwenye mine iko, na 10 % mu mfuko wa vizazi vyenye vitakuja. Ile 15 % haipiti Kinshasa hata kidogo. Kampuni inailipa moja kwa moja.

Tuhesabu pamoja. Kampuni ikiuzisha shaba ya dola milioni 100, redevansi ni dola milioni 3 na nusu. Commune inapata 525 000. Ikiuzisha kobalti ya milioni 100, redevansi ni milioni 10, na commune inapata milioni 1 na nusu. Hapo hatujahesabu ile 0,3 % ya mauzo yote yenye kampuni inapashwa kutoa kwa maendeleo ya vijiji na kartié za karibu. Mnaona sasa tulikuwa tunaombwa kutia saini juu ya nini. Mwenye kulomba redevansi ipunguzwe, analomba ipunguzwe ile ya Kinshasa, na ile ya kwao pia. Barua haikusema hilo. Ilisema « mzigo wa kodi ».

Tulieleza hivyo ku mukutano, tukajiona tumesema vizuri. Mama yule yule akasimama tena: « Sawa, bapapa. Kama feza inaingia ku commune, iko wapi? Batoto bangu beko banaikala chini ku masomo. »

Kimya kikaingia.

Njo hapo tunashikwa, na tukubali kwamba tunashikwa. Kampuni inasema tunalipa. Commune inasema tunafanya kazi. Na kati ya hao wawili kuna masomo yenye madirisha bila vioo, hatua chache toka barabara ya makamyo, walimu wanafunga mlango juu ya vumbi na batoto wanabaki mu giza. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Leta ni bure. Ni jambo zuri, tulilishangilia na hatutaki lirudi nyuma. Lakini batoto waliongezeka, mabanki hayakuongezeka. Mtu akituambia kodi ya mine inasaidia, anapashwa kutuonyesha banki moja, na aandike juu yake: hii ilitoka ku redevansi.

Kwa hiyo mashindano ya Kinshasa, sisi tunayasikia na sikio lingine. Kuko wenye kusema Leta inakusanya kidogo sana, iongeze makusanyo. Ni pia wimbo wa FMI, yenye ilifunga na serikali programu mpya mwanzo wa mwaka huu. Kuko wenye kusema Leta inakula sana, ifunge mdomo kwanza. Wote wawili wako na sehemu ya kweli. Na mwaka huu si mwaka kama ingine: Goma ilianguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, kodi za kule hazifiki tena ku Kinshasa, na mshahara wa askari na polisi ukaongezwa mara mbili. Bajeti ikarudishwa ku bunge kutengenezwa upya. Hatutasema askari asilipwe. Ni batoto wetu wako kule.

Lakini tuliishaona, miaka yote, kupunguza kunaanzia wapi. Ni vyepesi kutoanza barabara kuliko kupunguza magari ya waziri. Barabara yenye haikujengwa hailalamiki, haina simu ya kupigia mtu mkubwa. Kama serikali inataka tuamini kwamba shimo la bajeti ni la wote, ianze ku mshahara wa wabunge na ku safari za misyo, kiisha ije ku masomo na hospitali. Katiba ya 2006 ilisema 40 % ya mapato ibaki mu provinsi kwenye ilitoka. Ni miaka karibu makumi mbili sasa, provinsi zinangojea Kinshasa iwarudishie kidogo, wakati yenye inataka.

Kwa wenzetu wa upande mwingine, wale wenye walitaka tupasule barua na tulombe kodi iongezwe mara mbili, tuko na neno pia. Tumesahau Gécamines? Mu 1986 ilitoa tani karibu 476 000 za shaba. Mu 1993 haikufika hata 50 000. Kati ya miaka ile miwili mine ya Kamoto ilibomoka, mu 1990. Leta ilikuwa ikikamua tu, mashine zilizeeka na hazikubadilishwa. Kila shimo la bajeti ya Kinshasa lilifunikwa na feza ya Likasi na Kolwezi, mpaka siku feza iliisha. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondolewa, wakaita hiyo « départ volontaire ». Wengi wenu munajua mu nyumba gani hiyo hiari ilitokea. Unga wa kampuni uliisha, hospitali ikawa ya kulipa, batoto wakarudishwa kutoka masomo. Kukamua bila kulisha, tulishaona mwisho wake.

Kwa hiyo sisi hatusemi kodi ipande, hatusemi ishuke. Tunasema ile yenye iko mu sheria ilipwe yote, na ionekane. Na kama kuna kodi ya kupunguza mwaka huu, kuna moja yenye hakuna mtu aliitaja mu ile barua: kodi ya mshahara wetu. IPR inakatwa mbele hatujaona feza, pamoja na 5 % ya CNSS. Sisi hatuwezi kuandikia Leta kwamba mwezi ulikuwa mbaya, tafazali ipunguze. Mtoto akigonjwa inakatwa, unga ukipanda inakatwa. Tulimuuliza mkurugenzi wa wafanyakazi kama kampuni iko tayari kuandika na sisi barua ingine, ya kulomba kodi ya mishahara ya chini ipunguzwe. Alisema atapeleka swali ku makao makuu. Tunangojea.

Tulifanya mambo mawili. Tuliandikia kampuni itundike ku mlango wa kazi, kila miezi tatu, karatasi moja tu: tulilipa commune kiasi hiki, tarehe hii. Haiwagarimu kitu, na itawasaidia, kama kweli wanalipa. Kiisha tulienda ku commune na barua kama ile, kulomba hesabu ya 15 % ya mwaka uliopita: iliingia ngapi, ilitoka ngapi, ilifanya nini. Karani alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuambia turudi siku ya ine. Siku ya ine tulirudi. Mwenye kushika hesabu alikuwa mu misyo.

Kampuni ilitupa mpaka mwisho wa mwezi kubadilisha mawazo. Inawezekana primu zikatwe. Inawezekana watu fulani waambiwe wabaki nyumbani, na wakubwa waseme ni juu ya sendika. Mutatulaumu, na hatutasema hamuna haki. Mwenzetu mwenye alitaka kutia saini bado anaamini tulikosea, na aliomba tuandike hivyo. Tumeandika.

Tunarudi ku commune siku ya ine yenye inakuja, saa tatu ya asubuhi. Wenye kufanya kazi ya mchana na ya usiku wanaweza kufika. Bamama wenye kuwa na risiti za masomo, zile feza zenye munaombwa wakati wanasema ni bure, muje nazo. Na mama mwenye aliuliza kama defisiti njo mutu, tunakulomba uje pia. Utauliza wewe, sisi tutaandika.