Maji Safi ni Kazi ya Kupokezana

Mwaka 2007 wakimbiaji 20 wa mataifa mbalimbali walikimbia kuizunguka dunia, wakipokezana kijiti mchana na usiku. Waliondoka New York tarehe 1 Juni, wakarudi huko huko tarehe 4 Septemba, yaani siku 95. Njia yao ilikuwa maili 15,200 hivi katika nchi 16, na bahari walizivuka kwa ndege. Kila mkimbiaji alikwenda maili kama 10, kisha akampa mwenzake kijiti. Mbio hizo ziliitwa Blue Planet Run, na shabaha yake ilikuwa kuwakumbusha watu kwamba zaidi ya watu bilioni moja hawakuwa na maji safi.

Mkulima aweza kuuliza, "Zatuhusu nini mbio hizo, nazo hazikukanyaga Afrika?" Ni swali la haki. Kelele za njiani hazijazi mtungi. Lakini limo fundisho moja ambalo sisi wa skimu twalihitaji sana: kijiti kikianguka katika mkono wa mwisho, kazi ya wote waliotangulia imepotea.

Tazameni yaliyotokea hapa kwetu, katika sehemu za Busia. Wataalamu walichunguza chemchemi zipatazo 200. Nyingine zilijengewa kwa saruji, maji yakatoka kwenye bomba badala ya kuchotwa dimbwini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika chemchemi zilizojengewa uchafu wa vijidudu ulipungua kwa thuluthi mbili. Lakini maji yale yale yalipopimwa nyumbani, uchafu ulikuwa umepungua kwa robo tu. Faida nyingi ilipotea kati ya bomba na kikombe. Hata hivyo, kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa robo hivi, na hilo si jambo dogo kwa mzazi yeyote.

Basi nasema wazi: wengi wetu twadhani kazi imekwisha siku saruji inapokauka. Sivyo. Siku hiyo tumepokea kijiti tu.

Chemchemi izungushiwe ua, na ng'ombe wanyweshwe mbali, upande wa chini. Choo kichimbwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji, nacho pia kiwe upande wa chini. Mtungi usuguliwe ndani kabla ya kuchota, ufunikwe njiani na nyumbani. Mikono isitumbukizwe ndani. Tumieni kata yenye mpini mrefu, au mimineni. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha mngoje nusu saa.

Tena nataka kusema na wanaume. Mara nyingi mama na watoto ndio wabebao maji, na baba ndiye akaaye katika kamati. Basi anayejua kwamba bomba limepasuka si yeye mwenye sauti ya kuamua lishonwe lini. Kamati isiyo na akina mama ni kama mkimbiaji aliyefumbwa macho. Na fedha za matengenezo zisichangwe siku pampu imekufa. Zichangwe kila mwezi, ziandikwe daftarini, na hesabu isomwe mbele ya watu wote.

Ni kweli kwamba kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na yatupasa kuidai haki hiyo kwa wakuu wetu bila woga. Lakini Katiba haitasugua mtungi wako.

Katika mkutano ujao wa skimu yenu, ulizeni mambo matatu: Nani afagiaye chemchemi yetu? Fedha za matengenezo ni kiasi gani leo? Na nyumba ngapi zinatibu maji ya kunywa? Msiondoke mpaka majibu yamepatikana.