MNARA USEMAO UWONGO

Wako wasemao kwamba mitambo ya kuongozea eropleni siku hizi hujilinda yenyewe, basi mafundi na makarani wa zamu ya usiku yafaa wapunguzwe. Maneno haya twayakataa.

Ni kweli mtambo hujilinda. Karibu na mnara uongozao eropleni zinazotua huwekwa chombo cha kusikiliza mawimbi yake. Mawimbi yakipotoka, chombo hicho huuzima mnara kwa sekunde chache tu, na taa ya hatari huwaka mbele ya walinzi. Rubani naye huona bendera katika chombo chake, akajua hana kiongozi, akapanda juu. Mnara ulionyamaza hauui mtu. Wa kuogopwa ni ule usemao uwongo kwa sauti ya kweli.

Lakini ulinzi huo una swichi, na swichi hushikwa na mkono wa mtu. Mwezi wa Julai 2000, huko Apia katika visiwa vya Samoa, swichi iliachwa mahali pa kuufunga ulinzi, na waya wa kupelekea habari kwa waongozaji ulikuwa umeharibiwa na wachimbaji. Usiku ikaja Boeing 767 kutoka New Zealand yenye watu 176. Ishara ikawaambia marubani, "Mko sawasawa," nao walikuwa wakishuka mbali na uwanja. Walipoona taa za nchi kavu haziko mahali pake walipanda upesi, wamebakiza kama futi 400 tu. Waliokolewa na macho ya binadamu, si na mtambo.

Basi twauliza: mashine hazikuwapo? Zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuona kwamba ulinzi umefungwa.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, ulinzi wa mtambo usifungwe wala kufunguliwa ila kwa kuandikwa daftarini na kutiwa sahihi na watu wawili. Pili, habari za ulinzi zisipowafikia waongozaji, mnara uzimwe na marubani waarifiwe. Tatu, zamu ya usiku isiachiwe mtu mmoja.

Rubani akitua salama hushukuriwa, na ni haki yake. Sisi tunaokesha na daftari hatuombi shukrani. Lakini atakayeifuta zamu yetu kwa kuokoa mishahara michache, na atie sahihi yake pia daftarini, ili siku ya msiba ajulikane.