Burunge ibaki mikononi mwa vijiji

Mamlaka ya kusimamia wanyamapori wa Burunge, eneo la hifadhi ya jamii, yabaki kwa vijiji vya Wilaya ya Babati, yasihamishiwe Serikali Kuu kwa kuligeuza eneo hilo kuwa pori la akiba.

Tembo na nyumbu wa Hifadhi ya Tarangire hupita ushoroba wa Kwakuchinja, unaokatiza Burunge, kuelekea Ziwa Manyara. Njia hiyo ni ardhi ya vijiji. Mwanakijiji akinyang'anywa kauli, nani atamshawishi asilime hapo? Askari peke yao hawatoshi.

Tujifunze kwa Loliondo: mwaka 2022, kilomita za mraba 1,500 huko ziligeuzwa Pori la Akiba Pololeti. Mgogoro na wafugaji ukazidi uchungu.

Wenye dhamana wawaachie wanavijiji maamuzi, wawape mgawo wa mapato ya utalii kwa wakati, na walipe kifuta jasho cha mashamba yaliyoliwa na tembo kabla ya msimu ujao.