Kupelekwa Nyaraka Si Adhabu

Mabwana na mabibi wanachama,

Ninayo maneno machache nipendayo kuyaweka mbele yenu juu ya vijana wetu wapelekwao katika ofisi za nyaraka kwa mafunzo ya kazi. Kila mwaka wapo wawaendeao wazee wa chama wakitaka waombewe kuhamishwa. Mmoja husema, "Mimi nimesomea hesabu, nitafanya nini na makaratasi ya misitu?" Mwingine apenda habari za vita, naye amepewa majalada ya pamba. Baadhi yetu huwahurumia, wakawaandikia barua. Kwa maoni yangu barua hizo zawadhuru vijana, tena zawadhuru raia.

Kwanza, karani hachagui karatasi. Mpe mpenda vita sanduku la majalada. Yale ya vita atayaeleza moja moja, kwa jina na tarehe. Yaliyobaki atayafunga kwa kamba moja na kuandika juu yake "Mengineyo". Neno hilo ni kaburi. Humo huzikwa hati ya mpaka wa shamba, orodha ya mishahara ya vibarua, na barua ya mjane aliyedai haki ya marehemu mumewe. Miaka 40 baadaye mjukuu aja na shauri lake, aambiwa karatasi haionekani, nayo ipo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilo katika orodha limekwisha potea vilevile.

Pili, hata huyo mpenda vita hawezi kuijua vita kwa majalada ya vita peke yake. Twajua sote kwamba Vita ya Maji Maji ilianza Umatumbini mwezi wa Julai, 1905, na kwamba jambo la kwanza walilofanya watu wa Nandete ni kung'oa mipamba. Kwa nini mipamba? Kwa sababu tangu mwaka 1902, katika utawala wa Gavana Götzen, watu wa kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja kwa ujira mdogo mno, huku mashamba yao wenyewe yakikosa mikono. Basi atafutaye chanzo cha vita hana budi kufungua makaratasi ya pamba, ya kodi na ya kazi. Kama karani aliyeyapanga aliyadharau kwa kuwa hayana bunduki, msomaji atapata habari za mapigano asipate sababu yake.

Tatu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi nalipewa majalada ya misitu, nami nilikuwa mpenzi wa mashairi, nisiyeweza kupambanua mvule na mninga. Ilinibidi kuuliza maana ya kila kifupisho kilichoandikwa pembeni. Mzee aliyenisimamia alikuwa amevizoea kwa miaka mingi, akanijibu kila mara bila kufungua kitabu. Hapo tukaona kwamba majibu yake hayakuandikwa popote. Tukayaandika yote, kurasa 11. Mwaka uliofuata mzee yule alistaafu. Mjuzi wa misitu asingaliuliza, na elimu ile ingaliondoka naye.

Wako watakaosema kwamba hatari ipo katika kumpa mtu kazi asiyoielewa. Ni kweli. Nyaraka za Kijerumani zilizoko Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, baadhi yake zimeandikwa kwa mkono wa kizamani unaomtaabisha hata Mjerumani wa leo. Sisemi mtu aeleze asichoweza kukisoma. Lakini kutopenda ni jambo moja, na kutojua kusoma ni jingine. Tena zipo ofisi zimpokeazo mwanafunzi na kumfanya mchemsha chai na mpangusa vumbi mpaka siku zake ziishe. Hilo ndilo lifaalo kulalamikiwa, na hapo nitakuwa wa kwanza kutia sahihi.

Kwa hiyo naomba mkutano wetu ujao uzingatie mambo matatu. Chama kisiandike tena barua ya kumhamisha mwanafunzi kwa sababu ya kutopenda tu. Chama kiwaombe wakuu wa ofisi wampe kila mwanafunzi msimamizi na fungu lake la majalada. Na mwanafunzi asiondoke kabla ya kuacha orodha aliyoiandika kwa mkono wake, ambayo mtu asiyemjua aweza kuifuata.

Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 imewapa wakuu wa ofisi za umma wajibu wa kutunza kumbukumbu, lakini mkuu hafungui masanduku. Afunguaye ni karani. Naye aitafutaye karatasi yake hatauliza kama karani yule aliipenda. Atauliza kama ipo.

Mwenye lililo bora kuliko haya na alitoe.

Ndimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Masijala