Kabla ya Kumwita Mweka Hazina Mwizi

Chukua chama cha watu 35 hapa Magwagwa. Desemba imefika, kuna shilingi 100,000 za kugawana. Simu inasema kila mtu apate 2,857. Sawa, tuma. Lakini hebu rudia: 2,857 mara 35 ni 99,995. Shilingi tano ziko wapi? Hapo ndipo minong'ono huanza, na mweka hazina anaangaliwa vibaya hata kanisani.

Kwa maoni yangu, mara nyingi tunamlaumu mtu kwa kosa la desimali. Jibu kamili ni 2,857.142857, na tarakimu zinaendelea bila mwisho. Simu ilikata mkia tu.

Hata kompyuta kubwa zina shida hii. Zinahesabu kwa 0 na 1, na kwa hesabu hiyo 0.1 haiishi, kama vile theluthi moja isivyoisha kwetu. Jumlisha 0.1 na 0.2, kisha 0.3: nyingi zitakupa 0.6000000000000001. Anza na 0.2 na 0.3, kisha 0.1: unapata 0.6. Sasa kazi ikigawiwa mashine nyingi kwa pamoja, jibu linalofika kwanza linaweza kujumlishwa kwanza, na jumla ikabadilika ukirudia hesabu ileile.

Vidogo hivyo hukusanyika. Kipimo cha bei katika soko la hisa la Vancouver, Kanada, kilianza na 1,000 Januari 1982. Kila kilipohesabiwa upya, maelfu ya mara kwa siku, desimali zilizozidi tatu zilitupwa. Novemba 1983 kilisoma takriban 524. Kilipohesabiwa sawasawa, kilikuwa takriban 1,098!

Kwa pesa, dawa ni rahisi: hesabu senti nzima. Senti 10, 20 na 30 ni 60, uanze popote. Mkinunua programu ya chama, mwulizeni muuzaji: inahifadhi senti nzima ama desimali?

Pia, kabla ya kugawa, andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano masalio yataenda wapi.

Na mjue kipimo hiki: kukata mkia hakuwezi kumpunguzia mtu shilingi nzima. Mkiwa 35, pengo lazima liwe chini ya shilingi 35. Likifika hapo ama kupita, hiyo si desimali tena. Itisheni taarifa ya akaunti, mpitie mstari kwa mstari.